Chumvi Hairudi Dukani: Acheni Kuimwaga Shambani

Wakulima wenzangu wa Mvumi, nanyi mnaonisoma kutoka Rudewa, Msowero, Kimamba hadi Mikumi, leo sileti ratiba ya mbolea wala bei ya mpunga. Leo nina ugomvi. Nagombana na mapishi ya dawa ya magugu yanayozunguka kwenye simu zetu: chumvi, siki na sabuni ya unga, unakoroga, unapulizia, kesho yake magugu yameungua. Yanasifiwa kuwa ni ya asili, ni ya bei ya chini na hayana kemikali. Wenye ndago wameyapokea kwa mikono miwili. Wapo na wenye maduka ambao sasa wanapima chumvi ya mawe kwa kilo huku wakimwelekeza mteja namna ya kuimwaga shambani, kama vile wanampimia mbolea.

Nasema wazi. Anayemwaga chumvi kwenye shamba la chakula anaiharibu ardhi yake, mara nyingi na ya jirani yake, na gugu alilolikusudia huenda likawa la mwisho kufa. Nitakuonyesha kwa hesabu, maana najua mtu akishaliona jani limekauka kwa macho yake hakuna wa kumwambia kitu.

Kwanza tuangalie kinachokufa. Ukipulizia mchanganyiko ule asubuhi na jua likawaka, siki inaunguza ngozi ya jani, sabuni inaufanya mchanganyiko ushike, chumvi inanyonya maji ya jani. Jioni majani yamesinyaa, unapiga picha, unaituma kwenye kundi. Lakini ndago hakai kwenye jani. Ana viazi vyake vidogo vyeusi chini, vimeungana kama shanga, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu za udongo. Vile havikuguswa. Baada ya wiki mbili au tatu anachomoza tena, kijani kibichi, na picha ya safari hiyo haitumwi na mtu.

Sitakudanganya ili nishinde ugomvi huu. Ukipulizia bomba moja la lita 16 mara moja ukaacha, shamba halitakufa. Balaa linaanza pale ndago anaporudi. Mtu anaongeza chumvi, anapulizia tena, anarudi tena. Mwishowe anaacha bomba, anachukua ndoo na kumwaga chumvi kavu palepale penye ndago wengi, akisubiri mvua iishushe kwenye viazi. Hapo tena hatuongei habari ya jani. Tunaongea habari ya udongo.

Sasa hesabu. Chukua kipande cha mita 5 kwa mita 2, umwage kilo moja tu ya chumvi, ichanganyike na sentimita 15 za udongo wa juu. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Wewe ichukue kama namba tu, kama unavyochukua nyuzi za homa zahanati. Kilo ile moja inapandisha udongo wa kipande kile kwa takriban namba 2, juu ya chumvi iliyokuwepo tangu awali. Maharage huanza kupunguza mazao udongo ukipita namba 1. Kitunguu huanza kwenye 1.2, mahindi na miwa kwenye 1.7, nyanya kwenye 2.5, mpunga kwenye 3. Kwa hiyo kwa kilo moja maharage yako yameshapoteza karibu sehemu moja ya tano ya mavuno, na hujaona hata jani la njano.

Ongeza kilo ya pili na ya tatu, maana ndago hajafa. Umefika kama namba 6. Hapo maharage hayakupi kitu. Kitunguu kimepoteza zaidi ya robo tatu, mahindi zaidi ya nusu, mpunga kama theluthi moja au zaidi. Na ukoka je, ule unaotambaa kila mahali? Ukoka huanza kusikia chumvi kwenye namba 6.9. Soma tena hapo. Umeua maharage yote na ukoka hata chafya hajapiga! Ukiendelea hivyo misimu miwili mitatu, unajipandia shamba la ukoka kwa gharama yako mwenyewe, na mazao yote unayoyajua wewe yametangulia.

Haya, kwa nini chumvi inaua mmea? Inaua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiu. Mzizi hunywa maji kwa sababu ndani yake mna chumvichumvi nyingi kuliko udongo ulio nje, hivyo maji huvutwa kuingia. Ukijaza chumvi nje, mvuto unageuka. Mmea unasinyaa saa sita mchana huku udongo ukiwa na unyevu, nawe unadhani una ugonjwa. Njia ya pili ni sumu yenyewe. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika vipande viwili. Katika chumvi ya kupikia ni sodiamu na kloridi. Vikiingia kwenye mzizi vinapanda na maji hadi kwenye jani. Maji yanapotoka kwa jua, vyenyewe vinabaki. Siku hadi siku vinarundikana kwenye ncha na kingo za jani mpaka zinaungua. Kwa hiyo ukiona jani la maharage limeungua ukingoni kama lililopitishwa kwenye moto huku katikati bado ni kijani, kabla hujakimbilia dawa ya ukungu kumbuka ulimwaga nini hapo.

Na chumvi ni ukoo mzima. Kloridi ana ndugu yake aitwaye bromidi, anayepatikana baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi zote kama gramu 35, na ndani yake bromidi ni miligramu 65 hivi. Chumvi ikiganda kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, sehemu kubwa ya bromidi haigandi nayo. Inabaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Hivyo kilo ya chumvi ya bahari haina hata gramu 2 za bromidi, na si yeye atakayeua shamba lako. Namtaja kwa sababu ulimwengu umeshafanya jaribio la kujaza bromidi kwenye udongo wa mazao, na majibu yapo.

Kwa miaka mingi wakulima wakubwa wa maua, nyanya na tumbaku walitumia gesi iitwayo methili bromidi. Walifunika kitalu kwa plastiki, wakaingiza gesi, na kila kilichokuwa ndani ya udongo kikafa: minyoo, ukungu, mbegu za magugu, na hata vile viazi vya ndago vinavyotusumbua sisi. Kenya ilikuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa barani Afrika kwa ajili ya maua yake, Zimbabwe kwa ajili ya tumbaku na maua. Lakini gesi ile ilikuwa na mkia. Ikishavunjika udongoni iliacha chumvi ya bromidi, na mizizi haimtofautishi vizuri bromidi na kloridi, inawameza wote. Bromidi ikizidi, mbegu zinakataa kuota, majani yanapauka na kuungua kingo. Ua la karnesheni, ambalo ni fedha tupu kwa mkulima wa maua, lilikuwa la kwanza kulia. Kitunguu nacho ni miongoni mwa mimea isiyoivumilia. Iliwabidi wakulima wale waoshe udongo kwa maji mengi kabla ya kupanda, na maji yale yaliyooshea yakaenda na bromidi yake kwenye mitaro na mito. Uholanzi, wenye mashamba ya vioo na pampu za kila aina, waliacha kutumia gesi ile kwenye udongo kufikia 1992, na bromidi kwenye maji ilikuwa moja ya sababu. Baadaye dunia nzima ikakubaliana kuiondoa kupitia Mkataba wa Montreal, nchi tajiri kufikia 2005 na nchi kama zetu kufikia 2015, ikabakizwa kwa kazi maalumu kama kufukiza mizigo inayovuka mipaka. Waliiondoa hasa kwa ajili ya tabaka la ozoni, si kwa kuhurumia vitunguu vya mtu. Lakini somo la udongo limebaki palepale: kuua magugu kwa kitu kinachoacha chumvi ni rahisi, kazi ni kuitoa chumvi hiyo. Waliokuwa na maabara na pampu walitoka jasho. Wewe mwenye jembe na mfereji wa zamu utaitoa kwa nini?

Wenzetu wa Malolo, humuhumu wilayani kwetu Kilosa, wanaoishi kwa kitunguu, naomba aya hiyo muisome mara mbili.

Nije kwenye majaruba. Bromidi ana kazi nyingine inayotufundisha. Watafiti wakitaka kujua maji yanapita wapi ndani ya udongo, huyeyusha chumvi ya bromidi kidogo, wakaimwaga shambani, halafu wanakwenda kuitafuta mbele. Wanaichagua kwa sababu udongo hauishiki; inakwenda na maji popote yanapokwenda. Kloridi ya chumvi yako inasafiri vivyo hivyo. Uliyemwaga chumvi kwenye tuta la jaruba lako la juu ukidhani unasafisha ukoka wa tuta, maji ya zamu yakipita hapo yanaibeba hadi kwa wa chini. Mpunga mkubwa unaweza kuvumilia kidogo, lakini mche mchanga ni dhaifu sana kwa chumvi, na mpunga unaochanua vilevile. Kitalu cha mama wa jaruba la tatu kinaweza kudhoofika kwa ndago wa kwako. Kamati za mifereji zinatoza faini kwa kuiba zamu ya maji. Mimi naona mtu anayetia chumvi kwenye maji ya wote naye aitwe kikaoni, na nitasema hivyo hata mbele ya mwenyekiti.

Kloridi anasafiri, sodiamu anabaki. Huyu anaushika udongo wa mfinyanzi na kuuvunja vipande vidogovidogo. Udongo ukinyeshewa unakuwa kama uji, maji hayaingii. Ukikauka unafunga kama sakafu, mche hautoboi. Udongo wetu mwingi wa mbuga tayari ni mzito wenyewe. Kuuongezea sodiamu ni kumsukuma mtu aliyekwisha kuteleza.

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema: pwani wanaweka chumvi kwenye shimo la mnazi na mnazi unazaa. Kweli. Mnazi unaipenda kloridi, ndiyo maana unastawi na miguu ufukweni. Siku ukiona mahindi yamestawi ufukweni namna ile, nitafute. Wa pili atasema mvua za masika zitaosha. Kwenye udongo wa kichanga zinaosha kiasi, ila usisahau zinaipeleka wapi, maana chini ya mchanga ndiko visima vilipo. Kwenye mfinyanzi chumvi inashuka kidogo wakati wa masika, na kiangazi jua linayavuta maji juu, nayo inapanda tena hadi unaona unga mweupe juu ya ardhi. Wa tatu atasema chumvi tunakula, itadhuruje? Na mbolea ya urea hatuli, mbona inastawisha? Tumbo lako na mzizi wa maharage ni vitu viwili tofauti. Hilo neno "asili" nalo limetuponza. Ardhi za Kahe kule Moshi na Ndungu kule Same zina sehemu zilizoathiriwa na chumvi, na wenzetu wa huko wanahangaika nayo hali hakuna aliyekwenda kuimwaga kwa mkono. Wao imewakuta. Sisi tunainunua dukani!

Gharama ya kurudi nyuma ndiyo inayoniudhi zaidi. Kuosha chumvi iliyoingia sentimita 30 unahitaji maji ya kina kama hicho hicho, sentimita 30, yakishuka yote chini, ndipo uondoe kama asilimia 80 ya chumvi. Kwa ekari moja hayo ni lita kama milioni moja na laki mbili. Na ni lazima kuwe na pa kutokea, mtaro unaofanya kazi, la sivyo unaloweka tu. Kama sodiamu imeshaushika udongo, maji peke yake hayatoshi. Unahitaji jasi, ile inayochimbwa Makanya, usafirishe hadi hapa, uichanganye, kisha ndiyo uanze kuosha. Linganisha na vibarua wa palizi ambao ulikuwa unawakwepa.

Sasa ninyi wenye maduka. Sigombani na chumvi yenu ya jikoni, iuzeni. Ila mteja akisema anaipeleka shambani kuua magugu, msimpe kipimo. Dawa ya magugu hapa nchini inasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kifungashio chake kinaeleza zao, kipimo na tahadhari. Kifuko cha chumvi hakina maelezo hayo. Siku vitunguu vya mteja vikikataa, jina litakalotajwa kilabuni ni la duka lako. Jambo jingine dogo kwenu: msipange gunia la chumvi juu ya mbegu. Chumvi inavuta unyevu na kuchuruzika, na mbegu iliyolowa maji ya chumvi isipoota mkulima atamlaumu mwenye mbegu. Na nafaka iliyofukizwa kwa ajili ya chakula msiiuze kama mbegu, hata kama dumuzi hajaigusa. Baadhi ya gesi za kufukizia, methili bromidi ikiwemo, hupunguza uotaji.

Basi ndago tumfanyeje? Hakuna njia ya siku moja, na anayekuahidi siku moja anataka hela yako. Kiangazi, ardhi ikiwa kavu, lima na ugeuze udongo ili viazi vipande juu, uviache juani. Rudia baada ya wiki mbili tatu kabla havijapata nguvu. Usilime penye unyevu ukaviacha, utakuwa umevikata na kuvipanda upya. Ndago hapendi kivuli hata kidogo, kwa hiyo mfuate na zao linalofunika: mfiwi au kunde katikati ya mahindi, au viazi vitamu kwenye kipande kilichoshindikana. Palizi ya kwanza ya mahindi isipite wiki ya tatu, ya pili ifuate kabla ya wiki ya sita, maana hapo ndipo magugu yanapokula mavuno. Kwenye mpunga, sawazisha jaruba vizuri unapochabanga ili maji yakae sentimita chache kila mahali baada ya mche kushika; magugu mengi hayaoti chini ya maji, na yanayobaki yanaondolewa na mashine ya kupalilia ya kusukuma kama ulipanda kwa mistari. Ukiamua kutumia kiuagugu, nunua kilichosajiliwa, soma kipimo, vaa kinga. Mimi si mpenzi wa viuagugu, lakini kati ya kiuagugu kilichotumiwa kwa kipimo na gunia la chumvi, sitasita kukuambia kipi kitakuachia shamba.

Na kama ulishamwaga, usiongeze hata kijiko. Kabla ya masika safisha mtaro wa kutolea maji wa kipande hicho, na kama ni kipande kidogo penye chumvi inayoonekana, kwangua ule unga mweupe pamoja na udongo wa juu, uupeleke mbali na mfereji na kisima. Weka samadi iliyooza vizuri ili udongo ushikamane upya. Anayetaka kipimo kamili apeleke sampuli maabara ya udongo ya SUA pale Morogoro; njoo ofisini nikuonyeshe namna ya kuichukua, maana udongo wa sehemu moja tu unadanganya.

Asiye na nauli afanye hivi. Chukua makopo mawili, yatoboe chini. Moja lijaze udongo wa pale ulipomwaga chumvi, jingine udongo wa shamba lilelile mahali ambapo hukumwaga. Panda maharage kumi kila kopo, mwagilia maji ya aina moja, yaweke pamoja. Subiri wiki tatu. Kopo la chumvi likiota machache, au majani yakiungua kingo huku ya kopo la pili yakiwa mazima, usipande maharage wala kitunguu hapo msimu huu. Weka mpunga kama maji yapo na mtaro unatoa, kisha rudia makopo yako mwakani.